Orodha Itangulie Kufuta

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii ya wafanyabiashara yawafaa pia vijana wanaotunza kompyuta za shule.

Katika Linux, tangu Heinz Mauelshagen alipoandika programu ya LVM mwaka 1998, diski si lazima igawanywe kwa mipaka isiyobadilika. Diski mbili zenye gigabaiti 500 kila moja huweza kuunganishwa ziwe kundi moja, kisha kundi hilo likakatwa voliumu tatu: gigabaiti 300, 200 na 400. Zibakizo, karibu 100, huwekwa akiba kwa voliumu itakayojaa. Kila voliumu hujengwa kwa vipande vidogo, kwa kawaida vya megabaiti 4, navyo vyaweza kutawanyika katika diski zote mbili. Ndiyo sababu huitwa voliumu ya kimantiki: ipo katika hesabu, wala haishikiki kwa mkono.

Hapo ndipo penye hatari. Amri ya df huonyesha tu hifadhi zilizokwisha kupachikwa katika mti wa majalada. Voliumu isiyopachikwa haionekani hapo, na mwanafunzi mwenye haraka aweza kuidhania diski kuwa tupu, akafuta alama za mitihani ya miaka mingi.

Kinga yake ni nyepesi. Kwa mamlaka ya msimamizi, amri ya pvs huorodhesha diski zilizoingizwa katika mpango huu, vgs, makundi, na lvs, voliumu zenyewe, hata zilizolala. Katika safu ya sifa, herufi ya tano ikiwa a, voliumu iko macho. Amri ya lvs -o +devices hutaja diski inayoibeba kila voliumu. Hata hivyo, diski isiyotajwa na pvs si lazima iwe tupu. Yafaa kuikagua pia kwa lsblk -f.

Wako wasemao kwamba picha na vitufe vyatosha. Hoja hiyo ni dhaifu. Picha huonyesha kile alichochagua mtungaji wake. Amri hujibu swali lililoulizwa, na jibu lake hunakiliwa daftarini na kulinganishwa na la mwezi uliopita.

Kwa hiyo, kila somo la utunzaji wa diski na lianze kwa amri hizi, ambazo huuliza tu bila kuharibu kitu. Mwanafunzi aandike orodha, mwalimu aikague, ndipo ifikiriwe amri ya kufuta.