Mwenye Gari na Njia ya Umma

Anayekaa barzani jioni, iwe Michenzani au Chake Chake, hakosi kusikia shutuma za wenye magari: petroli ghali, vipuri ghali, njia zimebana, na gari za kileo hazina ustahamilivu wa zile za zamani. Nasi twaendesha, kwa hiyo tumezisikiliza kwa makini. Baadhi ni za haki, na baadhi ni za mtu anayelalamikia moshi ilhali kuni kazitia mwenyewe.

Tuanze na za haki. Gari nyingi zinazoshuka bandarini zatoka Japani zikiwa zimekwisha tumika huko. Mwenyewe akiwasha, gari humsemesha Kijapani; akifungua redio, masafa huanzia 76 na aghalabu hukomea 90, wakati idhaa zetu zimepangwa kati ya 88 na 108. Hayo ni ya kuchekesha. Yasiyochekesha ni kuwa fundi aliyejua kuifungua kabureta ya Bedford chini ya mwembe, leo huletewa injini inayotawaliwa na kompyuta. Taa ya hatari yawaka, naye hana mashine ya kuisoma; basi hubadilisha kipuri baada ya kipuri hadi bakhti imsaidie, na gharama ya kubahatisha huko humwangukia mwenye gari. Tena chumvi ya bahari yetu hula viungio vya nyaya kama inavyokula bodi. Hapa mwendeshaji hana kosa. Vyuo vya mafunzo ya amali, pamoja na Taasisi ya Karume pale Mbweni, vina wajibu wa kumfikia fundi wa mtaani mwenye miaka ishirini kazini, asiyeweza kuacha riziki yake akarudi darasani. Mafunzo yamfuate jioni, na mashine ya kupimia iwe ya ushirika pale mmoja asipoimudu.

Kuhusu matairi, hatumtetei mtu. Ubavuni mwa tairi mna tarakimu nne: 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Wangapi husoma? Tairi lililozeeka laweza kuwa na meno mazima na bado likapasuka kwenye njia ya Nungwi, kisha dereva akasema ni kudra. Kudra twaiamini, kusoma tarakimu nne hakupunguzi imani ya mtu.

Linalotushughulisha zaidi ni msongamano. Sensa ya 2012 ilihesabu Wazanzibari 1,303,569. Ya 2022 ikahesabu 1,889,773. Ardhi haikuongezeka. Ndugu yetu anayedai njia ya Mwanakwerekwe ipanuliwe mara nyingi yumo peke yake ndani ya gari ya watu watano, na nyuma yake daladala iliyojaa wafanyakazi, wanafunzi wa skuli na wagonjwa imezuiwa na gari nyingi kama yake. Mpe njia nne, na atazijaza zote nne. Hatumlaumu sana, maana ameikimbia daladala kwa sababu azijuazo kila abiria: kungoja juani pasipo kivuli, kubanwa, na kutojua gari itaondoka saa ngapi. Mji huu uliwahi kuwa na reli ya abiria hadi Bububu tangu 1905, na leo hatuna hata ratiba ya basi iliyobandikwa kituoni! Viongozi wanaopita njia hizo ndani ya vioo vyeusi na kiyoyozi wangepanda daladala asubuhi moja kwa wiki, wangeyajua haya bila ya kuandikiwa ripoti.

Wapo wasemao dawa ni gari za umeme. Safari zetu ni fupi, kwani Unguja haifiki kilomita 90 toka ncha hadi ncha, na betri zatosha. Lakini umeme wetu huja kwa waya wa chini ya bahari kutoka Bara, na walioishi Unguja mwaka 2008, na tena kutoka Disemba 2009 hadi Machi 2010, wanakumbuka tulivyokaa gizani. Waya mkubwa zaidi ulizinduliwa mwaka 2013, na hali ikatengenea. Hata hivyo, gari ya umeme nayo hukwama Mwanakwerekwe sawasawa na ya petroli.

Kwa mnasaba huo, tunawaomba waheshimiwa wa Baraza la Wawakilishi, watakapojadili fedha za barabara, waulize fungu la mabasi makubwa na vituo vyenye paa ni kiasi gani, na litatumika mwezi gani.