Aljebra ianzie mnadani



Watoto wengi wa huku Mbulu na Hanang huanza shule wakizungumza Kiiraqw au Kidatoga. Hujifunza Kiswahili, kisha wafikapo kidato cha kwanza lugha ya kufundishia hugeuka kuwa Kiingereza. Hapo ndipo wanapokutana na milinganyo miwili yenye x na y. Wengi hukariri tu kwamba ukivusha namba, geuza alama. Kwa nini igeuzwe, hawajui. Je, tushangae wakifeli hisabati kidato cha nne?

Ndugu Mhariri, jambo hili si geni kwa mtoto wa mkulima. Tuseme mnadani jirani mmoja ameuza madebe 3 ya mahindi na 2 ya maharage, akapata shilingi 125,000. Mwingine, kwa bei zilezile, ameuza debe 1 la mahindi na madebe 2 ya maharage, akapata 95,000. Maharage yao ni sawa, hivyo tofauti ya 30,000 imeletwa na madebe 2 ya mahindi. Basi debe la mahindi ni 15,000. Zinabaki 80,000 za maharage, yaani 40,000 kila debe. Mtoto akishaelewa hivyo, ndipo aandike x na y kama ufupisho wa jambo analolijua. Wachina wa kale, yapata miaka 2,000 iliyopita, walikokotoa hesabu kama hizi kwa mifano ya nafaka, bila x wala y.

Faida nyingine ni kwamba mtoto hutambua kuwa mauzo ya jirani mmoja hayatoshi kumjulisha bei mbili. Hata akitokea aliyeuza mara mbili ya yule wa kwanza akapata 250,000, hajaleta habari mpya. Mkulima mwenye akili hiyo hapunjwi kirahisi na mchuuzi anayenunua mazao mchanganyiko kwa bei ya jumla.

Naiomba Taasisi ya Elimu Tanzania iweke mafumbo ya namna hii, kwa Kiswahili, katika madarasa ya juu ya shule za msingi. Nao walimu wa kidato cha kwanza wayarudie kabla ya kuingiza herufi na Kiingereza. Mpango huu hauhitaji fedha za kigeni. Madebe tunayo.

Mwalimu wa Kijijini,
Dongobesh, Mbulu.