Jeraha lipo, karatasi iko wapi?

Kwa nini askari aliyejeruhiwa vitani ahangaike kuthibitisha nishani yake? Tuangalie Marekani, ambako nishani ya Purple Heart hupewa waliojeruhiwa au kuuawa na adui. Kovu pekee halitoshi. Kumbukumbu zioneshe kwamba jeraha lilitokana na adui na lilihitaji tiba.

Tatizo ni moto wa Julai 12, 1973. Katika kituo cha kumbukumbu karibu na St. Louis, majalada kati ya milioni 16 na 18 yaliteketea. Kwa jeshi la nchi kavu, takriban asilimia 80 ya majalada ya waliotoka jeshini kati ya 1912 na 1960 yalipotea, yakiwemo ya waliopigana Vita Kuu ya Pili na Korea. Nakala hazikuwepo.

Sasa ushahidi husakwa kwingine: hati za malipo, taarifa za kila siku za vikosi, rekodi za hospitali. Aliyetunza karatasi zake nyumbani ana nafuu.

Tunavyoona sisi, aliyepoteza majalada ni serikali, hivyo mzigo wa kutafuta usimwelemee mzee. Nawe msikilizaji, hati ya shamba au cheti cha kuzaliwa, toa nakala, uiweke nyumba nyingine.