Pikipiki kuukuu: tusiulize "imepita?" tu

Kila mwaka baridi inapoanza kupungua Uingereza, simu za Maskati na Dubai huanza kupokea picha za pikipiki. Kijana yuko huko masomoni au kazini, ameona pikipiki ya sisi 125 yenye miaka kumi na tano, bei nafuu, na chini ya picha pameandikwa kuwa ina MOT ya mwaka mzima. Baba anauliza, "Imepita ukaguzi?" Kijana anajibu, "Imepita, baba." Pesa zinatumwa.

Swali hilo la baba si baya, lakini halitoshi.

Kwa asiyeijua, MOT ni ukaguzi wa kila mwaka wa usalama wa chombo. England, Scotland na Wales pikipiki huanza kukaguliwa ikitimiza miaka mitatu tangu isajiliwe, kisha kila mwaka. Kituo hakiruhusiwi kutoza zaidi ya pauni 29.65. Mkaguzi huangalia taa, honi, usukani, shokapu, magurudumu, matairi, breki, mnyororo, fremu na ekzosi. Sisi wa Ghuba jambo hili si geni; wengi tumeshapeleka gari kukaguliwa ili mulkiya ifanywe upya.

Je, pikipiki kuukuu hupita? Mara nyingi hupita, tena vizuri. Kwa takwimu za serikali ya huko, pikipiki zinazofeli mara ya kwanza ni chini ya moja katika tano, wakati magari madogo ni karibu matatu katika kumi. Sababu hazijifichi. Pikipiki ina vitu vichache vya kuharibika, na moshi wake haupimwi kama wa gari. Tena wenye pikipiki za zamani wengi ni wapenzi wake: wanaifuta, wanaitia grisi, wanaiendesha siku za jua tu. Ndiyo maana tangu Mei 2018 chombo kilichotimiza miaka 40, kama hakijabadilishwa sana, hakilazimiki kukaguliwa. Serikali iliona kwamba vyombo hivyo kwa kawaida hutunzwa vizuri na hutembea kidogo.

Kwa hiyo umri peke yake hauifelishi pikipiki. Kinachoifelisha ni kazi nyingi na matunzo kidogo. Na hapo ndipo pa kuwatazama vijana wetu. Pikipiki wanayonunua wao mara nyingi si ya kufutwa siku ya Jumapili, ni ya kwenda nayo kazini kila siku au kupeleka chakula usiku, mvua inanyesha, barabara imemwagwa chumvi ya kuyeyushia barafu. Chumvi hiyo inakula chuma. Mnyororo unakauka, pedi za breki zinakwisha kwa miezi. Pikipiki iliyopita Machi, ikifika Septemba ni nyingine kabisa.

Cheti kinaeleza hali ya chombo siku ile kilipokaguliwa, basi. Mkaguzi hafungui injini, hapimi uzima wa klachi wala giaboksi. Tairi likiwa na kina cha milimita 1 katika robo tatu ya upana wake, na mistari ikionekana kwingineko, linapita. Kwa mtu anayeendesha kila siku, tairi hilo baada ya wiki chache ni kipara.

Lakini mkaguzi haandiki "imepita" na kunyamaza. Kasoro anazigawa: ya hatari, kubwa na ndogo, na chini yake kuna ushauri wa mambo ya kuangaliwa. Mbili za kwanza zinafelisha. Kasoro ndogo na ushauri hazifelishi, ila zinaandikwa, na siri ya pikipiki imo humo. Historia yote hiyo iko wazi kwenye tovuti ya serikali, bure, kwa kuingiza namba ya usajili tu. Hata mama aliyekaa Maskati anaweza kuifungua kabla hajatuma hata riyali moja.

Soma angalau miaka mitatu. Ukikuta ilifeli kwa sababu ya balbu ya indiketa ikatengenezwa ikapita, usiogope; taa ni miongoni mwa vinavyofelisha pikipiki nyingi. Ukikuta mwaka juzi imeandikiwa ushauri wa breki, na mwaka jana ushauri ule ule, jua mwenyewe hatengenezi. Mimi ningechukua iliyofeli kwa balbu kuliko hiyo iliyopita kila mwaka. Tazama pia maili: zikipungua badala ya kuongezeka, achana nayo.

Najua penye uzito. Vyombo hivi tunauziana wenyewe kwa wenyewe. Mtoto wa ami anamuuzia mtoto wa khalti, na ukisema "hebu nitumie namba nitazame," inaonekana humwamini ndugu yako. Wapo watakaosema kwamba ugenini tumebakiwa na kuaminiana tu, tusikuvunje kwa kuchunguzana. Mimi naona kinyume chake. Sheria yetu ya biashara inamtaka muuzaji aseme aibu ya kitu kabla ya kukiuza, na mnunuzi aliyefichwa aibu ana haki ya kukirudisha. Haikusema isipokuwa kwa jamaa. Muuzaji mwema atume historia mwenyewe kabla hajaulizwa, na hapo udugu umehifadhika.

Wala cheti si kinga mbele ya sheria. Kuendesha bila MOT faini yake inafika pauni 1,000. Kuendesha chombo cha hatari inafika pauni 2,500 na pointi tatu kwenye leseni, hata kama cheti bado ni kizima. Na hizo ni hesabu za pesa tu. Breki zikikataa usiku wa mvua, kuna hasara isiyolipika.

Basi ombi langu kwa wazazi: ombeni namba kwanza, pesa baadaye. Kama bajeti ni ndogo, msiimalize yote kwenye bei. Wekeni fungu la tairi, mnyororo na pedi za breki. Na nyinyi vijana, msingoje mwaka uishe. Kila wiki tazameni tairi, mnyororo, breki na taa. Ni kazi ya dakika kumi, na hakuna mkaguzi atakayekuja kuwafanyia.