Samaki Asiyepiga Kelele

Kuna neno linalorudiwa kila panapochimbwa bwawa la samaki, nalo ni hili: samaki hana uchungu. Hulisema mfugaji, hulisema muuzaji sokoni. Nasi tunaonunua samaki siku za Ijumaa za Kwaresima, tukidhani tumejinyima kitu, hatuulizi aliishije wala alikufaje. Tunalipinga neno hilo. Tena tunalipinga neno la pili, lililo baya zaidi kwa kuwa limevaa nguo za elimu: kwamba ustawi wa samaki hupimwa kwa kilo zilizotoka bwawani.

Mwaka 2003, huko Uingereza, Lynne Sneddon na wenzake waliwachunguza samaki wa aina ya trauti, wakakuta kichwani mwao mishipa ya fahamu inayopokea dalili za jeraha na za joto kali. Walipowadunga midomoni sumu ya nyuki au asidi ya siki, samaki wale waliyumbayumba na kuchelewa sana kurudia chakula. Waliodungwa asidi walisugua midomo yao kwenye changarawe. Wapo wataalamu waliojibu kwamba ubongo wa samaki hauna lile tabaka la juu ambalo binadamu hulitumia kuhisi maumivu. Jibu hilo halitoshi. Kuku naye hana tabaka kama letu, na hakuna mama wa Bukavu wala wa Kalemie atakayekuambia kwamba kuku hasikii kisu. Kama shaka ingalipo, kwa nini hasara ya shaka hiyo aibebe samaki peke yake?

Sasa tuje kwenye kilo. Ng'ombe huhesabiwa vichwa, samaki huhesabiwa tani. Mwaka 2022, kwa mara ya kwanza, wanyama wa majini waliofugwa duniani walizidi wale waliovuliwa, lakini takwimu kuu zinazotangazwa kila mwaka hazisemi walikuwa wangapi. Hata nchini mwetu mazoea hayo ni ya zamani: wakati wa Wabelgiji, tilapia walifanyiwa utafiti katika mabwawa ya Kipopo, karibu na Lubumbashi, na shabaha ilikuwa mavuno. Hatuwalaumu kwa kutafuta chakula. Tunakataa tu kwamba mavuno ndiyo ushahidi wa hali ya samaki.

Tilapia mwenyewe anatudanganya, kwa maana ni mvumilivu kupita kiasi. Huishi katika maji yenye oksijeni kidogo ambamo trauti angekufa mara moja. Mfugaji huona hajafa, akahesabu kwamba yu mzima. Lakini nenda bwawani alfajiri. Usiku kucha mimea midogo inayoyafanya maji kuwa ya kijani imekuwa ikitumia oksijeni bila kuitengeneza, na kabla ya jua kuchomoza imebaki kidogo sana. Utawaona samaki wamepanda juu, midomo imeelekea hewani, wanahema. Wapo wanaodhani kwamba wanangoja chakula, wakawamwagia pumba; na pumba isiyoliwa huoza, ikamaliza hata oksijeni iliyosalia na kuongeza amonia majini.

Wengine watasema: basi tuweke sheria ya idadi ya samaki kwa kila mita ya maji, tumalize. Laiti ingekuwa rahisi hivyo! Msongamano unaumiza, ni kweli. Lakini kambale wakiwa wachache huweza kupigana na kung'atana kuliko wakiwa wengi, na tilapia dume huwatawala na kuwafukuza walio dhaifu. Idadi peke yake haihukumu. Samaki mwenyewe ndiye wa kutazamwa. Je, mapezi yameliwa? Ngozi ina vidonda? Anakimbilia chakula, au amejitenga pembeni? Hata jicho linasema: tilapia anayeonewa na wenzake jicho lake hugeuka jeusi, na jambo hilo huonekana bila chombo chochote. Na yako mambo ambayo kipimo cha afya hakiyagusi kabisa. Tilapia dume kwa asili huchimba kiota mchangani. Katika vizimba vya nyavu vinavyoelea Ziwa Kivu, mchanga ataupata wapi?

Tunajua tutakavyojibiwa. Watu wa Kivu na Ituri wanalala kambini, nanyi mnaandika habari za samaki! Tunajibu kwamba hakuna hata faranga moja ya mkimbizi inayochukuliwa na yule anayepunguza msongamano au anayetazama maji alfajiri. Tungeweza kuongeza kwamba samaki mwenye taabu hula kidogo, hukua polepole na huugua upesi, na maneno hayo ni kweli. Lakini hatutaki kusimama juu yake. Siku ukatili utakapoleta kilo nyingi zaidi, anayetetea kwa faida peke yake atakosa la kusema. Katekisimu, namba 2418, inafundisha kwamba kuwatesa wanyama bila sababu kunapingana na heshima ya binadamu. Hatukuona humo kwamba samaki wametolewa.

Kuhusu kifo chao, hapo ndipo tunapokasirika. Tilapia aliyetolewa majini hutweta kwa dakika nyingi. Kambale, aliyeumbwa kuweza kuvuta hewa, hubaki hai kwa saa kadhaa ndani ya beseni juani, na wapo wanaopasuliwa tumbo wakiwa wanatikisika. Haya hayaletwi na umaskini. Pigo moja zito la rungu juu ya kichwa, nyuma kidogo ya macho, kisha kukata mashavu ili damu itoke, ni kazi ya nusu dakika, na rungu hukatwa msituni bure.

Kwa hiyo kikundi chochote cha vijana wa parokia chenye bwawa kiwe na daftari. Kila alfajiri mmoja wao aandike: wangapi wanahema juu, wangapi wamekufa na kwa dalili gani, chakula kimeliwa au kimebaki, maji yana harufu gani. Siku ya mavuno iandikwe pia jinsi walivyouawa na muda uliopita tangu wavu ulipotoka majini. Mnunuzi akitaka kulisoma daftari hilo kabla ya kulipa, asinyimwe.