Damu Ruksa, Antibiotiki Marufuku

Vijana wa Kikenya wanaojiandaa kwa NCLEX-PN, mtihani wa leseni ya LPN (muuguzi wa vitendo) huko Marekani, huambiwa mapema kwamba LPN, kwa kuwa amesoma mwaka mmoja tu, asiguse dawa ya mshipa. Majuzi kauli hiyo imerudiwa tena, safari hii na muuguzi msajiliwa aliyealikwa kuwatia moyo. Inakera, maana haina mguu wa kusimamia.

Huko California, LPN huitwa LVN. Akishapata mafunzo ya nyongeza, sheria inamruhusu kuchoma kanula, kutundika maji na hata kutundika damu. Damu! Ikiingia ya kundi lisilopatana na la mgonjwa, kiasi kidogo tu chaweza kumuua. Lakini mfuko wa seftriaksoni, antibiotiki ya mshipa, ambao mgonjwa ameupata wiki nzima bila tatizo, kwa kawaida LVN haruhusiwi kuufungulia. Hapo analindwa nani?

Watetezi wa katazo hujibu kwamba dawa ikishaingia mshipani hairudi. Na damu huirudisha nani? Wengine hudai LPN hajui dawa, ilhali mtihani wake unamuuliza habari za dawa, na zamu nzima yeye ndiye anayechoma insulini na kugawa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda.

Masomo marefu zaidi ya muuguzi msajiliwa nayo hayazuii ajali. Mwaka 2017, jijini Nashville, muuguzi msajiliwa alitoa vekuroniamu, dawa ya kupoozesha misuli, badala ya dawa ya kutuliza, akamchoma mgonjwa aliyekuwa akisubiri kipimo. Mgonjwa alifariki, na mwaka 2022 muuguzi alitiwa hatiani. Kinga ya kosa kama hilo, yaani kusoma lebo na kubaki karibu na mgonjwa, hufundishwa LPN pia.

Wanaoumia kwa katazo hili ni wazee. Sheria ya shirikisho inazitaka nyumba za kutunzia wazee ziwe na muuguzi msajiliwa kwa saa 8 mfululizo kila siku. Saa zilizobaki jengo zima laweza kuwa mikononi mwa LPN. Usiku wa manane anaaminiwa kutambua kwamba bibi amebadilika na kuamua gari la wagonjwa liitwe au la. Kutundika antibiotiki haaminiwi. Basi bibi anayeihitaji anabebwa hadi idara ya dharura, analazwa kwenye machela ukumbini, na bili inamfuata nyumbani.

Texas haimwekei LVN orodha ya kazi moja moja. Inataka awe amefundishwa na umahiri wake umethibitishwa. California ifuate njia hiyo, ianze na antibiotiki za kudondoshwa polepole, katika nyumba za wazee, zamu ya usiku.