Mashauri ya Juma Hili: Kigumba, Kinoo na Podo la Babu

Wasomaji wetu wa Kanyangi, na wa pande zote za Yatta hadi ng'ambo ya mto Athi, hawana haja ya kuelezwa uta ni kitu gani. Zamani mwanamume wa Ukambani aliyetoka nyumbani bila uta na podo alionekana kama mtu aliyetoka nusu. Lakini wazee waliojua kazi hiyo wanapungua kila mwaka, na vijana wengi leo hawawezi kutofautisha kigumba kizuri na kibaya. Kwa hiyo juma hili twataka kueleza mambo mawili: jinsi kigumba cha mshale kinavyochaguliwa na kunolewa, na kigumba kipi kisichopasa kuguswa na kinoo hata siku moja.

Sheria yatangulia. Tangu mwaka 1977 Serikali ya Kenya imepiga marufuku uwindaji wa wanyama, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 yakataza hata kumwinda mnyama kwa ajili ya kitoweo cha nyumbani. Basi asitokee mtu wa kusema ya kuwa gazeti limempa ruhusa ya kumfuata digidigi kichakani. Maneno haya ni kwa yule apendaye kulenga shabaha ya majani makavu, kwa mwenye kutunza kazi ya mababu, na kwa ndugu zetu wanaokaa Marekani, ambako mtu mwenye kibali huweza kumwinda kwa upinde yule mnyama mwenye pembe za matawi. Tena ajuaye kunoa kigumba hujua pia kunoa kisu cha nyumbani.

Kabla ya kuchagua kigumba, jiulize: kitaua kwa njia gani? Njia ni mbili. Mkamba alitumia sumu, iitwayo ivai, itokayo katika mti wa kivai, ambao watu wa pwani huuita msunguti. Kwa hiyo kigumba chake kilikuwa chembamba na chepesi, chenye ncha mbili zilizoelekea nyuma kama za ndoana. Kazi yake ilikuwa kupenya ngozi na kubaki ndani. Sumu yenyewe ilipakwa zaidi kwenye shingo iliyo nyuma ya kigumba, ili isizuie makali kupenya, kisha ikazungushiwa ukanda mwembamba wa ngozi. Mnyama akipigwa, wano huanguka, na kigumba pamoja na shingo yake hubaki mwilini. Wano lilikuwa na alama ya mwenyewe, na alama hiyo ilikata maneno kama wawindaji wawili walimgombea mnyama mmoja.

Mwindaji wa Marekani hana sumu. Mshale wake huua kwa kukata mishipa na mapafu, basi kigumba chake hapana budi kiwe kipana. Baadhi ya majimbo ya huko yameweka katika sheria upana usiopungua saba ya nane ya inchi. Mpiga upinde mashuhuri wa nchi hiyo, Howard Hill, alishauri urefu wa kigumba uwe mara tatu ya upana wake, kwa kuwa kigumba kirefu hupenya taratibu kama kabari nyembamba, na kifupi kilicho kipana hugonga na kusimama. Hivyo mtu asichukue kigumba chembamba cha sumu akakitumia bila sumu. Atamjeruhi mnyama tu, naye atakwenda kufa kwa mateso mahali asipoonekana. Makali mabutu nayo huleta dhambi hiyo hiyo: hupasua mahali pa kukata, damu ikaganda upesi, na mnyama akapotea pamoja na mshale.

Katika kuchagua, angalia mambo matatu. La kwanza ni unyofu. Kitie kigumba kwenye wano, simamisha ncha juu ya ubao, kisha zungusha mshale kama pia. Ukiona unayumba, kigumba kimekaa upande, nao hautakwenda unakolenga. La pili ni uzito: vigumba vyote vya podo moja viwe sawa, la sivyo kila mshale utataka shabaha yake. La tatu ni chuma. Kigumba kilichofuliwa kwa msumari huwa laini, na makali yake hujikunja yakigusa mfupa. Chuma kigumu mno nacho hupukutika. Jaribu kwa tupa: ikiteleza bila kushika, chuma ni kigumu mno, ikila kwa urahisi kama mti, ni laini mno.

Sasa kunoa. Usikishike kigumba kwa vidole vitupu. Kibane katika kipande cha mti kilichopasuliwa. Anza na tupa, ukisukuma kwa upande mmoja tu, wala usirudishe kama msumeno. Hesabu: ukipiga kumi upande huu, piga kumi upande wa pili, ili ncha ibaki katikati. Mlalo wa tupa usibadilike. Ukilaza sana, makali yatakuwa membamba na dhaifu. Ukiinua sana, yatakuwa na nguvu lakini hayatakata. Baadaye shika kinoo kilicholowa maji, upunguze nguvu ya mkono kila mara. Utaona ukingo mwembamba wa chuma umejikunja upande mmoja. Huo si makali, ni takataka, nao huondolewa kwa kupitisha kigumba taratibu juu ya mshipi wa ngozi, upande huu na huu. Usijaribu makali kwa kidole gumba. Kaza ukanda wa mpira, uguse kidogo: makali mema yataukata bila kusukumwa. Mwisho paka mafuta, maana kutu hula makali kabla ya kazi.

Hayo yote ni kwa kigumba kipya, kisichopata kuguswa na sumu. Twaja sasa kwenye jambo lililotufanya tushike kalamu. Katika nyumba nyingi za pande zetu, darini au nyuma ya kabati, kuna podo la babu. Kijana hulikuta, akafungua, akaona vigumba vimevaa ngozi kavu na kitu cheusi kama lami. Hudhani ni uchafu wa miaka, naye hutafuta tupa ili aving'arishe. Asithubutu! Kitu kile cheusi ni ivai. Ikikaa pakavu, mbali na jua na hewa, nguvu yake hudumu miaka mingi. Na ule ukanda wa ngozi ulifungwa kwa kusudi hilo hasa. Mwaka 1888 mwanakemia Mfaransa aitwaye Arnaud aliitenga sumu ya miti ya namna hii, ikaitwa uabaini, jina litokalo katika neno la Kisomali. Sumu hii hushika moyo: moyo hupiga bila mpango, kisha husimama. Unga wake ukiingia katika mkwaruzo mdogo wa kidole, haulizi kama aliyekwaruzwa ni swala au ni mjukuu. Wahenga walisema, mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Basi ukilikuta podo la namna hiyo, fanya hivi. Usifungue ukanda, usikune, usioshe. Litie podo lote ndani ya sanduku lenye kufuli, mbali na watoto, uandike juu yake neno SUMU kwa herufi kubwa. Kisha mwarifu chifu, ili vigumba vichukuliwe na wanaojua kuvishika. Usivitupe chooni, mtoni wala shambani, ambako jembe la mtu mwingine litavifukua. Mtu akichomwa, asikimbie wala asinyonye jeraha. Lioshwe kwa maji mengi, naye apelekwe hospitali saa ile ile, na daktari aambiwe wazi ya kuwa ni sumu ya mshale. Wengine huona haya kulitaja jambo hili mbele ya wakubwa. Haya hiyo yaweza kumwua mgonjwa.

Wala hatusemi urithi utupwe. Uta waweza kutundikwa ukutani, na alama ya ukoo iliyo katika wano ionyeshwe kwa watoto na jina la mwenyewe litajwe. Mzee akiwa hai, aulizwe leo ni vigumba vipi katika podo lake vilivyopakwa sumu, na jibu lake liandikwe. Akiisha kufa, podo halitasema.